Mwongozo wa kuondoa kishindo cha spika wakati wa kuzima amplifaya

Katika mitaa ya Mikindani na ya mji wa Lindi, adhana ya alfajiri ikishamalizika, mara nyingi husikika mlio mwingine nyuma yake: honi hutoa kishindo kimoja kizito pale amplifaya inapozimwa, kisha kimya. Mlio huo husikika vilevile kwenye sabufa za nyumbani, kwenye muziki wa harusi na katika baa za Masasi na Nachingwea, na watu wameuzoea kiasi cha kuuona kuwa sehemu ya kawaida ya kifaa. Mimi siukubali. Kishindo hicho ni umeme uliofika kwenye spika mahali usipotakiwa kufika, na kwa sehemu kubwa ya amplifaya zinazoletwa kwa mafundi huku kwetu kinaweza kuondolewa kwa vifaa vichache vya bei ndogo na kazi ya nusu siku.

Chanzo chake ni kwamba amplifaya haizimiki yote kwa wakati mmoja. Unapobonyeza swichi, transfoma inanyamaza papo hapo, lakini kapasita kubwa (vihifadhi vya umeme) zilizo baada ya daraja la dayodi (dayodi zinazogeuza umeme wa AC, kama wa ukutani, kuwa DC, umeme wa upande mmoja) bado zimejaa umeme, nazo huendelea kulisha bodi ya nguvu, yaani ile inayosukuma spika. Chukua amplifaya yenye kapasita za mikrofaradi 10,000 zilizojaa volti 35, ikiwa imewashwa bila muziki na inatumia miliampu 100 hivi: volti zake zitashuka kwa takribani 10 kila sekunde, maana yake bodi ya nguvu itabaki hai kwa sekunde tatu hivi. Wakati huohuo bodi ya toni, inayorekebisha sauti kabla ya kufika kwenye bodi ya nguvu, yenye kapasita ndogo za mikrofaradi 1,000 na matumizi ya miliampu 50, hupoteza volti 50 kwa sekunde, na hivyo hufa kabla nusu sekunde haijaisha. Inapokufa, volti zinazotoka kwake huyumba upande mmoja, na bodi ya nguvu, ambayo ingali hai, huuchukulia myumbo huo kuwa muziki, huukuza na kuusukuma kwenye spika. Karibu kila ninachokieleza hapa chini ni njia ya kuhakikisha kwamba spika inanyamazishwa kabla ya myumbo huo kuanza.

Msimu mmoja wa korosho, wakati ambapo watu wengi hununua muziki mpya na fundi hupata kazi nyingi, mteja mmoja aliniletea spika ya inchi 12 ambayo koili yake ilikuwa imelegea na kukwaruza. Niliibadilisha, naye akarudi baada ya miezi michache na tatizo lilelile. Nilikuwa nimepima amplifaya yake ikiwa imewashwa, nikaiona nzima, wala sikuwahi kukaa na kusikiliza inavyozimika. Nilipoizima mbele yake, koni (kiwambo cha mbele cha spika) iliruka nje karibu sentimita moja. Fedha aliyolipa mara mbili ingeweza kubaki mfukoni mwake, na tangu siku hiyo siipokei amplifaya yoyote bila kuiwasha na kuizima kwanza.

Kabla ya kufungua kifuniko

Chomoa plagi ukutani. Usitegemee swichi ya amplifaya pekee, kwa sababu nyaya zinazoingia kwenye swichi hiyo bado zina volti 230. Kisha toa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista ya kiloomu 1 ya wati 5, ukiishikisha kwa nyaya zilizofunikwa, upande wa chanya na sifuri (waya wa pamoja) kwanza, halafu upande wa hasi na sifuri. Kwa kapasita ya mikrofaradi 10,000 inahitajika takribani dakika moja kwa kila upande, na ni lazima uthibitishe kwa mita kwamba zimebaki volti zisizozidi moja au mbili. Kugusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi, kama tunavyoona baadhi ya vijana wakifanya, huharibu kapasita yenyewe, hurusha cheche za chuma na inaweza kujeruhi macho.

Kwa majaribio tumia spika ya zamani, ukiiunga kwa kupitia rezista ya omu 10 ya wati 10. Usijaribu kwa spika ya mteja.

Hatua ya kwanza: usikilize mlio na muda wake

Zima amplifaya mara kadhaa, ukisubiri dakika moja kati ya mara moja na nyingine, na uangalie ni muda gani unapita kati ya kubonyeza swichi na kusikia mlio. Mlio mkali na mfupi, kama wa kijiti kinachovunjika, unaotokea pamoja na kidole kinapobonyeza, kwa kawaida ni cheche ya swichi. Kishindo kizito kinachokuja baada ya robo sekunde hadi sekunde kadhaa, kikifuatana na koni kuruka, ni volti za DC zinazotoka kwenye bodi ya toni au bodi ya nguvu. Mlio unaopiga kama pikipiki kwa mbali au unaolia na kushuka polepole hadi kufa ni saketi inayojirudishia sauti yake yenyewe kupitia njia ya umeme inayodhoofika. Muziki unaoendelea kwa sekunde mbili tatu ukiwa umekwaruzika haudhuru spika, ingawa unakera, na dawa yake ni relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya hatua ya tano.

Hatua ya pili: utafute unakotoka

Chomoa nyaya zote zinazoingiza muziki, yaani za king'amuzi, simu, miksa na nyinginezo, kisha chomeka kwenye tundu la kuingizia jeki ambayo pini yake ya katikati umeiunga na ganda lake. Zima. Ikiwa kishindo kimetoweka, amplifaya haina kosa. Kinachopiga ni kifaa cha nje kinachokufa mapema kuliko amplifaya. Hali hii hutokea sana pale miksa na amplifaya zinapochomekwa kwenye ekstensheni moja na zote kuzimwa kwa swichi ya ukutani. Mpangilio sahihi ni kuwasha vyanzo kwanza na amplifaya mwisho, na wakati wa kufunga kazi kuzima amplifaya kwanza, kusubiri sekunde kumi, ndipo uzime miksa.

Mpangilio huo ni mzuri, lakini nawaomba wenzangu wasiishie hapo. Umeme ukikatika ghafla, au jenereta ikiishiwa mafuta katikati ya sherehe, hakuna mtu wa kufuata mpangilio wowote; vyote huzimika pamoja na spika hupigwa. Ndiyo maana nasisitiza kinga iliyo ndani ya kifaa, inayojiendesha bila kumtegemea mtu.

Ikiwa kishindo kimebaki, rudisha voliamu hadi sifuri na uzime tena. Kishindo kikipungua au kikitoweka, chanzo kiko kabla ya kitufe cha voliamu. Kisipobadilika hata kidogo, kiko baada yake: kwenye bodi ya toni ikiwa imepangwa baada ya voliamu, au kwenye bodi ya nguvu yenyewe. Katika hali hiyo chomoa waya unaounganisha bodi hizo mbili, unga ingizo la bodi ya nguvu na sifuri, na ujaribu mara nyingine. Kwa majaribio haya matatu, ambayo hayahitaji kifaa chochote cha gharama, utakuwa umeshajua bodi ya kushughulikia.

Hatua ya tatu: upime

Weka mita kwenye volti za DC na upime kwenye matundu ya spika, amplifaya ikiwa imewashwa na haina muziki. Kwa amplifaya yenye njia mbili za umeme, chanya na hasi, kipimo cha chini ya milivolti 50 ni kizuri. Kinachozidi 100 kinahitaji kuchunguzwa. Na ukikuta volti moja au zaidi usiunge spika kabisa, kwa sababu hilo si tatizo la kuzima bali ni bodi yenye hitilafu, pengine transista iliyoungua. Sasa zima huku ukitazama. Mita ya mshale inafaa zaidi hapa kuliko ya tarakimu, kwa sababu ya tarakimu husoma mara chache kwa sekunde na hukosa mruko mfupi, ilhali mshale hurukia upande ambao volti zimeelekea.

Ikiwa amplifaya ina njia moja ya umeme na kapasita kubwa kati ya bodi na spika, kama zilivyo redio nyingi za zamani, utakuta kabla ya kapasita hiyo kuna nusu ya volti za umeme wote, kwa mfano volti 12 kwa umeme wa volti 24. Hiyo ni kawaida. Aina hii hupiga zaidi wakati wa kuwasha kuliko wa kuzima.

Hatua ya nne: swichi

Mlio mkali wa papo hapo huanzia kwenye swichi. Transfoma haikubali kukatiwa mkondo ghafla. Husukuma volti kubwa kwa muda mfupi sana, cheche huruka kati ya chuma mbili za swichi, na mlio huingia kwenye nyaya za sauti kama unavyoingia kwenye redio ya jirani. Kwetu pwani, hewa ya chumvi huongeza tatizo kwa kula chuma za swichi, kwa hiyo swichi za nyumba zilizo karibu na bahari, kwa mfano Shangani, huchakaa mapema. Anza kwa kubadilisha swichi iliyochakaa, ukichagua iliyoandikwa volti 250 na uwezo wa kutosha wa ampea.

Kisha unga rezista ya omu 100 kwa mfululizo na kapasita ya aina ya X2, iliyoandikwa volti 275 za AC, na uziweke pamoja kukatiza miguu miwili ya swichi. Kapasita ya mikrofaradi 0.01 hupitisha chini ya miliampu moja swichi ikiwa imezimwa, ya 0.1 hupitisha takribani miliampu 7, ambazo zinatosha kuwasha hafifu taa ndogo ya kifaa na kumtia mteja wasiwasi. Usitumie kapasita ya kawaida ya DC, hata kama imeandikwa volti 400. Kapasita ya X2 imetengenezwa kuhimili umeme wa ukutani na mishtuko yake, na nyingine inaweza kupasuka au kushika moto.

Hatua ya tano: relei ya spika

Hii ndiyo kazi yenye manufaa makubwa kuliko nyingine zote, na kwa bodi za aisii (chipu) za TDA2030 na TDA2050, ambazo hazina pini ya kunyamazisha, mimi huitumia karibu kila mara. Wazo lake ni kuikata spika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde baada ya umeme kukatika, wakati bodi zote mbili bado zimetulia.

Siri iko katika mahali pa kuchukua umeme wa relei. Ukiuchukua kwenye kapasita kubwa, relei itashikilia hadi kapasita hizo zipungue, na kishindo kitakuwa kimeshapita. Uchukue kwenye transfoma, kabla ya daraja la dayodi. Dayodi za daraja haziruhusu umeme wa kapasita kurudi nyuma, kwa hiyo umeme ukikatika sehemu hiyo hukosa volti mara moja.

Kwa transfoma ya volti 24-0-24, chukua dayodi mbili za 1N4007 na uziunge kila moja kwenye ncha moja ya volti 24, kisha kutanisha upande wao wa mstari. Mahali zinapokutana, weka kapasita ya mikrofaradi 47 ya volti 63, mguu wake wa hasi ukienda kwenye waya wa katikati wa transfoma. Hapo utapata volti 33 hivi. Zipeleke kwenye koili ya relei ya volti 24 yenye omu 650 hivi, kupitia rezista ya omu 270 ya wati 1, na upande wa pili wa koili uurudishe kwenye waya wa katikati. Kapasita hiyo inatosha kuishikilia relei kati ya pigo moja la umeme na jingine, ambayo huja kila milisekunde 10, na ni ndogo kiasi kwamba umeme ukikatika relei huachia baada ya takribani milisekunde 50. Fundi anayeweka kapasita ya mikrofaradi 1,000 mahali hapo kwa kudhani kubwa ndiyo bora huua kazi yote.

Kama transfoma ina nyaya mbili tu upande wa volti ndogo, dayodi mbili zile zile huwekwa kwenye nyaya hizo, na mguu wa hasi wa daraja huchukua nafasi ya waya wa katikati.

Chagua relei yenye uwezo wa ampea 10, na uukate waya wa chanya wa spika: upande unaokwenda kwenye spika uunge na mguu wa katikati, na upande unaotoka kwenye bodi uunge na mguu unaofungwa relei inapovutwa. Mguu wa tatu, ule unaogusana relei ikiwa imelala, uunge na sifuri ya spika, ili cheche ya kukata izimike na spika ibaki imetulia. Hata hivyo usifanye hivyo kwa bodi ambazo nyaya zote mbili za spika zina umeme, kama TDA7297, amplifaya nyingi za magari na nyingi za aina ya D. Kwa hizo tumia relei yenye jozi mbili, ikate nyaya zote mbili, na mguu wa tatu uuache wazi.

Relei hii rahisi huondoa kishindo cha kuzima tu. Ukitaka pia kuchelewesha spika wakati wa kuwasha na kuilinda na DC, nunua bodi ya kinga yenye aisii ya uPC1237. Aisii hiyo ina pini ya 4 inayohisi kupotea kwa AC, lakini bodi nyingi zinazoletwa kwangu zikilaumiwa kuwa hazifanyi kazi nimezikuta zimelishwa DC kutoka kwenye kapasita za amplifaya. Zikilishwa hivyo hazina namna ya kujua kwamba umeme umekatika. Zipe AC kutoka kwenye transfoma, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye bodi, nazo zitafanya kazi yake.

Wanaotumia betri za sola, kama ilivyo vijijini Newala na Tandahimba, hawana AC ya kuhisi. Kwao weka dayodi ya Schottky yenye uwezo wa kutosha kati ya swichi na kapasita za amplifaya, kisha chukua umeme wa relei ya volti 12 kabla ya dayodi hiyo. Swichi ikizimwa relei huanguka mara moja, ilhali amplifaya inaendelea kuishi kwa umeme wa kapasita zake.

Kwa honi za msikiti zinazolishwa kupitia transfoma za laini ya volti 100, DC ya kudumu haivuki transfoma lakini kishindo huvuka, na kiwambo chembamba cha honi hakikutengenezwa kustahimili mapigo ya besi. Relei iwekwe kati ya bodi ya nguvu na transfoma ya laini.

Hatua ya sita: aisii zenye pini ya kunyamazisha

Baadhi ya aisii zina kinga yake tayari, ila waliozifunga hawakuiunga. TDA7294 ina pini ya 9 ya kulaza na ya 10 ya kunyamazisha. Chini ya volti 1.5 hunyamaza, na juu ya volti 3.5 hufanya kazi. Wakati wa kuzima, pini ya 10 inapaswa kushuka kwanza na ya 9 ifuate, nayo hupatikana kwa kuchagua rezista na kapasita za pini hizo na kuzilisha kutoka kwenye sehemu inayokufa haraka, kama ile ya dayodi mbili niliyoieleza. LM3886 hufunguka pale tu angalau miliampu 0.5 zinapovutwa kutoka pini ya 8 kuelekea upande wa hasi. Ukiukata mkondo huo inanyamaza. Kwa bodi ndogo za TPA3116 zinazotumia adapta, tumia swichi yenye jozi mbili, jozi ya pili iishushe pini ya kulaza hadi sifuri kabla umeme wa kapasita haujaisha.

Hatua ya saba: bodi ya toni

Hata ukishaweka relei, rekebisha bodi ya toni ikiwa hatua ya pili imeonyesha ndiyo yenye kosa. Angalia kapasita za njia ya chanya na ya hasi baada ya regileta za 7815 na 7915. Zikiwa hazilingani, au moja imekauka kwa joto, upande mmoja hufa kabla ya mwingine na aisii kama 4558 hutupa volti zake zote upande uliobaki. Badilisha zote mbili kwa pamoja, zenye thamani sawa na zilizoandikwa nyuzi joto 105. Ukipenda kuifanya bodi ya toni iishi muda mrefu zaidi, ilishe kupitia dayodi moja kila upande na kapasita ya mikrofaradi 2,200 baada ya dayodi.

Voliamu inayokwaruza kila inapozungushwa, hata baada ya kusafishwa, ni dalili kwamba kapasita ya kupitisha sauti iliyo kabla yake inavujisha DC. Ibadilishe, ukiangalia mguu wa chanya uwe upande wenye volti kubwa zaidi. Na ule mlio wa pikipiki unaoshuka polepole huisha mara nyingi kwa kubadilisha kapasita ya kuchuja umeme wa bodi ya toni, ya mikrofaradi 100 hadi 470.

Hatua ya mwisho: ujaribu kama umeme unavyokatika

Zima kwa swichi ya amplifaya mara tano, kisha kwa swichi ya ukutani mara tano, ukiwa na muziki na ukiwa kimya, voliamu chini na voliamu juu. Halafu fanya jaribio gumu kuliko yote, ambalo umeme wetu hulifanya wenyewe bila kuombwa: zima kwa sekunde moja na uwashe tena. Kapasita kubwa zinakuwa zimepungua kiasi tu, bodi ya toni imeshakufa na inafufuka, na kama relei haina ucheleweshaji wa kuwasha utasikia kishindo hapo. Ukikisikia, relei rahisi haimtoshi mteja huyo na unapaswa kumshauri aweke bodi ya uPC1237. Pima tena DC kwenye matundu ya spika, na ikiwa iko chini ya milivolti 50 ndipo uiunge spika ya mteja, uizime mbele yake na kuweka kiganja chake karibu na koni ili ahakikishe mwenyewe kwamba haisogei. Mwishowe andika kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya kifuniko, relei imechukua umeme kwenye nyaya zipi na kapasita yake ni ya mikrofaradi ngapi, ili fundi atakayeifungua baadaye asije akaibadilisha kwa iliyo kubwa.